Betri ya moyo: Je, kila dhiki ya mgonjwa ni kadari?

NDUGU msomaji, siku hizi si jambo geni katika misikiti yetu ya mjini kusikia, baada ya swala ya Ijumaa, tangazo la kumchangia Muislamu mwenzetu anayetakiwa kuwekewa "betri ya moyo". Watu hutoa, tena hutoa kwa moyo mweupe. Mgonjwa huwekewa betri, hurudi nyumbani, dua husomwa, na kwa upande wetu sisi wachangiaji habari inakuwa imekwisha. Miaka miwili mitatu baadaye tunasikia kwamba mzee yule hawezi tena kutembea hadi msikitini, miguu inavimba, na usiku analala kwa kuegemea mito mitatu. Tunatikisa vichwa na kusema, umri huo, ndiyo kadari ya Mwenyezi Mungu (S.W.).

Kwamba kila jambo lipo katika elimu ya Mwenyezi Mungu, hilo Muislamu halijadili. Ninalotaka tulijadili ni dogo zaidi na ni la kwetu sisi waja. Katika hayo tunayoyaita kadari ya mgonjwa yule, kiasi gani ni namba iliyowekwa ndani ya betri na mkono wa mwanadamu, na ambayo mkono wa mwanadamu ungeweza kuibadilisha bila kisu wala sindano?

Huenda baadhi ya wasomaji wanashangaa, namba gani tena? Wengi wetu tunaichukulia betri hii kama betri ya saa ya ukutani, ukishaitia, saa inatembea. Sivyo ilivyo. Hebu tuanzie kwenye moyo wenyewe.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu hupokea damu na kuishusha chini, vya chini husukuma, cha kulia kwenda mapafuni na cha kushoto kwenda mwilini. (Njia hiyo ya mapafuni aliieleza Ibn al-Nafis huko Cairo katika karne ya 13, akiikataa kauli ya Galen kwamba damu hupenya kwenye ukuta uliopo kati ya vyumba. Ulaya ilikuja kuifahamu miaka mingi baadaye.) Kinachoviamrisha vyumba hivyo ni umeme mdogo unaoanzia juu, ukasita kidogo katikati, kiasi cha theluthi moja ya sekunde igawanywe mara mbili, kisha ukashuka na kusambaa chini kwa njia zake maalumu ili pande zote mbili zikaze kwa pamoja. Kule kusita kuna maana kubwa, kwani ndiyo nafasi ya vyumba vya juu kumalizia kukamua damu yao chini kabla milango haijafungwa. Mkamuo huo wa mwisho peke yake unaweza kuchangia kama robo ya ujazo wa chumba cha chini.

Umeme huo ukikatika njiani, au ukichelewa mno, mapigo hushuka hadi 40 au 30 kwa dakika, mtu huona kizunguzungu, huanguka, na wengine hufa. Hapo ndipo betri inapohitajika. Ni kijikasha kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake mmoja au miwili hupitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Wa kwanza duniani kuwekewa kifaa cha namna hii ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba, 1958, kwa mikono ya daktari Åke Senning na fundi Rune Elmqvist. Kile cha kwanza hakikudumu hata siku moja. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini katika umri wake na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, akiwa amewazika wote wawili, daktari na fundi. Kwetu Tanzania, huduma hii inapatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwenye tatizo kubwa la moyo aliwaza India. Hii ni neema, na anayeibeza hajawahi kuuguliwa.

Sasa tuje kwenye namba. Daktari anapoweka betri, huiambia mambo kadhaa kupitia mashine ya kuisomea, ambayo hufanya kazi kwa kuwekwa tu juu ya ngozi. Huiambia mapigo yasishuke chini ya kiasi gani. Huiambia isubiri muda gani kati ya chumba cha juu na cha chini. Huiambia ipige kila mara, au isubiri kwanza kuona kama moyo wenyewe utapiga. Huiambia namna ya kuongeza kasi mtu anapofanya kazi. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa tayari na majibu ya maswali haya, na kwa kasi ya chini jibu lililozoeleka ni mapigo 60 kwa dakika. Mgonjwa ambaye hakuna aliyekaa chini akamfikiria yeye kama yeye, anaondoka na moyo unaoendeshwa kwa namba za kiwandani.

Je, namba hizo zina uzito wowote katika kazi ya moyo kusukuma damu? Zinao, na wataalamu wamelijua hili kwa njia ya uchungu. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Amerika Kaskazini kwa wagonjwa 506 ambao mioyo yao ilikuwa dhaifu na ambao walikuwa na kifaa chenye uwezo pia wa kuushtua moyo. Wagonjwa hawa hawakuwa na shida ya mapigo kuwa ya polepole. Kundi moja kifaa chao kiliwekwa kisiingilie mpaka mapigo yashuke chini ya 40, kundi la pili kikawekwa kipige 70, vyumba vya juu na vya chini. Waliotegemewa kunufaika ni kundi la pili. Baada ya mwaka mmoja, wale wa 40 waliokuwa hai bila kulazwa kwa moyo kushindwa kazi walikuwa karibu 84 katika kila 100, na wale wa 70 walikuwa 73. Kifaa ni kile kile. Tofauti ilikuwa namba.

Sababu yake ni kwamba waya wa chini kwa kawaida huchomekwa upande wa kulia. Betri inapopiga pale, umeme haupiti kwenye njia yake ya asili, unatambaa polepole kwenye nyama, upande wa kulia unakaza kwanza na wa kushoto unafuata kwa kuchelewa. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akikosa zamu. Kazi inafanyika lakini nguvu inapotea, na kwa baadhi ya watu moyo unaofanyishwa kazi hivyo miaka nenda rudi hupanuka na kulegea. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009 ulichukua wagonjwa 177 ambao mioyo yao ilikuwa ikisukuma vizuri. Baada ya mwaka mmoja, waliopigwa upande wa kulia peke yake walikuwa wakisukuma wastani wa asilimia 55 hivi ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kila pigo, na waliopigwa pande zote mbili walikuwa kwenye 62.

Mtu asije akaelewa kwamba dawa ni kupunguza namba. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 100 wenye betri, ambao mioyo yao ilikuwa na nguvu ya kukaza lakini migumu kujaa. Nusu waliachwa kwenye 60 za kawaida. Nusu waliwekewa kasi iliyokokotolewa kwa kila mmoja peke yake, wastani wake ukiwa 75. Hawa wa pili walipumua vizuri zaidi, walitembea zaidi, na vipimo vya damu vya mzigo wa moyo vilishuka. Kwa hiyo kwa huyu 75 ni nafuu, na kwa yule 70 ni madhara. Hakuna namba ya watu wote. Kuna namba ya mtu huyu, kwa moyo wake huu, na mwakani inaweza kuwa nyingine.

Hapa ndipo suala la kimaadili linapozaliwa. Kama namba moja ingewafaa watu wote, wajibu wa aliyeweka betri ungekwisha siku ya kushona jeraha. Lakini kwa kuwa namba ya kheri hujulikana kwa kumuangalia mtu tena na tena, basi kuweka betri bila njia ya kuirudia ni kuanzisha jambo na kuliacha katikati. Wanazuoni wa fiqhi wamezungumza tangu zamani juu ya dhamana ya tabibu, kwamba anayetibu bila ujuzi huwajibika kwa madhara, na mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake hasakamwi kwa yaliyomshinda. Swali la zama zetu ni je, haki ya kazi yenyewe ni ipi pale ambapo tiba haiishi, inaendelea kupiga mara 86,400 kwa siku ndani ya kifua cha mtu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ni mzee wa Lusewa. Watu wa Lusewa waliopo Dar es Salaam hadi leo ukiwauliza kwao hujibu Songea, ingawa kiutawala ipo wilaya ya Namtumbo. Mzee wetu huyu ni mkulima. Alianguka shambani, akapelekwa Songea, wanawe wakamchukua hadi Dar es Salaam, akawekewa betri na akarudi. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900, na Lusewa kwenda Songea ni safari nyingine. Akiambiwa arudi kliniki baada ya miezi sita, hesabu inayomjia kichwani ni nauli ya kwenda na kurudi, ya kwake na ya msindikizaji, na magunia ya mahindi atakayouza ili aambiwe "uko sawa, rudi tena mwakani". Mara ya kwanza ataenda. Mara ya pili atasema najisikia vizuri. Siku atakapojisikia vibaya atasema ni uzee.

Na kuna kichekesho ndani ya jambo hili. Betri nyingi zina kitu kinachohisi mtikisiko wa mwili ili ziongeze kasi mtu anapofanya kazi. Mzee akikaa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, kifua chake kikitikiswa, betri inaweza kudhani anakimbia ikaharakisha mapigo ilhali amekaa. Akipanda baiskeli kilimani, miguu ikifanya kazi ngumu na kifua kimetulia, betri inaweza kudhani amepumzika, na akaishiwa pumzi. Kitu hicho nacho kina namba yake ya kurekebishwa. Lakini nani amemuuliza mzee kama anapanda baiskeli? Atakuwa ameonywa juu ya simu, hilo ndilo kila mtu analijua, asiiweke kwenye mfuko wa shati juu ya betri. Ni ushauri sahihi. Ila nimeona watu wanaogopa simu kuliko wanavyoogopa kukosa kliniki.

Zipo hoja za kupinga, na si vyema kuzipita. Ya kwanza ni kwamba mzee huyu angekuwa kaburini, na kwa hiyo kulalamikia 60 au 75 ni kukosa shukrani. Mimi hoja hii nimeitafakari na naona ina udhaifu mmoja mkubwa. Inaichukua neema kubwa kuwa kibali cha uzembe mdogo. Aliyekutoa kisimani hawezi kukuacha ukiwa umelowa kwenye baridi kwa hoja kwamba alikwishakuokoa, hasa ikiwa nguo kavu anayo begani. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Madaktari wa fani hii ni wachache, mashine za kusomea betri ni chache, na kila kampuni ina mashine yake. Daktari atakayetumia nusu saa kutafuta namba ya mzee mmoja, nusu saa hiyo ameitoa kwa mwingine anayesubiri kuwekewa betri ili asife. Hapa sina jibu rahisi, na anayesema analo amsikilize kwanza muuguzi wa wodi ya moyo. Ndiyo maana hapa simnyooshei kidole daktari wala hospitali yoyote. Wataalamu wa Taasisi ya Moyo wamekuwa wakizifuata hospitali za mikoani kwa huduma za tiba mkoba, na hatua hiyo inaelekea kule kule ninakokusema.

Lakini upo wajibu mmoja ambao hauhitaji mashine wala bajeti, nao ni kumwambia mwenyewe. Kumwambia kwamba betri yako ina namba, imewekwa hivi, kwa sababu hii, na ukiona miguu inavimba au pumzi inakata usidhani mara moja kuwa ni uzee, huenda namba inataka kubadilishwa. Mara ngapi tunasikia kauli kwamba "mzee hawezi kuelewa"? Mkulima aliyechimba mfereji wa maji kwenye shamba la mpunga anaelewa vizuri kuliko wengi wetu kwamba maji yakifunguliwa kabla jaruba la juu halijajaa, la chini litakosa. Ndiyo habari nzima ya kule kusita kati ya chumba cha juu na cha chini. Asiyeelewa mara nyingi ni sisi tunaoona tabu kueleza.

Na sisi watoto tunahusika. Ada yetu ni kumficha mzazi habari za ugonjwa wake, tukidhani ni katika kumtendea wema. Kadi ya betri inabaki Dar es Salaam kwenye kabati la mtoto mkubwa, "isije ikapotea kijijini". Baba hajui aina ya betri aliyonayo, hajui ina waya mmoja au miwili, hajui iliwekwa mwaka gani wala kwamba baada ya miaka kama minane hadi kumi na miwili itahitaji kubadilishwa. Siku akizidiwa akapelekwa kituo cha afya, tabibu anamkuta na uvimbe chini ya mfupa wa bega na hajui aanzie wapi.

Turudi kwenye kadari. Hadithi ya ngamia na kamba kila mtu anaijua, na hakuna sheikh asiyeisimulia. Tatizo letu ni kwamba tunaitumia kwenye biashara na safari, tukifika kwenye maradhi tunaisahau. Tena ipo aina ya tawakal ambayo ni rahisi mno kwa sababu anayeumia si yule anayetawakal. Mtoto aliyeko Kariakoo anasema "tumwachie Mungu" juu ya pumzi za baba aliyeko Lusewa. Nauli aliyoiokoa ni yake, pumzi zinazokatika si zake.

Mzee mwenyewe ana haki ya kusema basi. Jumla ya wanazuoni wa zamani hawakulifanya jambo la kujitibu kuwa faradhi kwa kila hali, na mtu mzima mwenye akili zake akisema "sitaki tena safari ya Dar es Salaam, niacheni na swala zangu hapa", sioni wa kumlaumu. Sharti lake ni moja, awe anajua anachokikataa. Mwenye kujua kwamba kuna uwezekano wa nafuu akauacha, huyo amechagua. Asiyejua amechaguliwa na wengine, kisha wengine hao hao wakauita uchaguzi wao kadari yake.

Wasomaji wengine huuliza jambo la mwisho wa safari. Wanahofia kwamba betri itamzuia mtu kufa, roho itahangaika, moyo utaendelea kupiga juu ya maiti. Hofu hii haina msingi. Betri hutoa amri tu, na nyama ya moyo iliyokosa damu na hewa haiitikii amri. Kifaa kitaendelea kutoa umeme wake mdogo na moyo utakuwa umetulia. Kwa mashine kubwa za wodini, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, liliruhusu kuziondoa pale madaktari bingwa wanapothibitisha kwamba ubongo umekufa kabisa, hata kama moyo bado unapiga kwa nguvu ya mashine. Ama kuizima betri ya mgonjwa aliye hai na anayeitegemea, hilo ni jingine, na mimi si wa kulitolea fatwa kwenye gazeti. Nimelitaja kwa sababu nimeona tunatumia muda mwingi kujadili namba ya sifuri, ambayo mzee wetu huenda asiihitaji kamwe, na hatujadili namba anayoishi nayo leo.

Michango yetu nayo itazamwe. Tunachangia upasuaji kwa sababu upasuaji una siku yake, una tangazo lake, na kiasi chake kinajulikana. Nauli ya kliniki ya mwaka wa tatu haina tangazo. Sijawahi kumsikia imamu akisimama na kusema fulani anahitaji nauli ya kwenda kupimwa kama moyo wake bado unasukuma vizuri, kwani hajazidiwa. Kamati ya msikiti inayokusanya fedha za betri ingeweza tangu siku hiyo hiyo kutenga fungu la safari tatu za marejeo. Halitakuwa kubwa mbele ya gharama ya betri yenyewe.

Na kule Lusewa, kijana yeyote mwenye saa yenye mshale wa sekunde anaweza kukishika kifundo cha mkono cha babu yake, akahesabu mapigo kwa dakika nzima, na kuandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama kadi inasema 60 na yeye anahesabu 45, na akirudia anapata 45, huyo babu asingoje tarehe ya kliniki. Kama anapata 60 kamili asubuhi, 60 baada ya kupanda kilima na 60 akiwa anahema mlangoni, nalo liandikwe, kwani ndilo jambo la kwanza ambalo daktari atataka kulijua.